SOMO LA UFUNDI: MEZA YA SEREMALA NA KAZI NDOGO ZA CHUMA

Wahenga walisema, "Chombo cha kuzama hakina usukani." Watu wa Wasini waijua maana ya maneno haya kuliko watu wengi wa bara, kwa kuwa kila safari yao ya kwenda Shimoni ni safari ya baharini. Kisiwa chao kina urefu wa kilomita 5 hivi na upana wa kilomita 1. Hakina magari, na mlango wa bahari unaokitenga na bara huwa na mkondo wa nguvu maji yajaapo na yapwapo. Mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Msambweni, mfanyabiashara anayerudi na unga na sukari, na mgeni aliyekuja kutazama matumbawe ya Kisite, wote hao huziweka roho zao katika usukani wa chombo.

Usukani wa mti haushikwi na mti peke yake. Huangikwa kwenye tezi kwa rumada, yaani vile vyuma viendavyo viwili viwili, kimoja chenye tundu na kimoja chenye ncha, vinavyouwezesha usukani kugeuka kama mlango katika bawaba zake. Rumada ikilika au ikiota kutu, usukani hucheza. Na usukani unaocheza siku ya Kusi kali ni hatari kubwa. Je, ni nani atakayeitengeneza? Mara nyingi huitwa seremala, kwa sababu ndiye fundi aliye karibu, na meza yake ndiyo meza ya kazi iliyo karibu.

Katika vyuo vikubwa vya ufundi, kama kile cha Mombasa kilichoanza kufundisha mwaka 1951 kwa ajili ya vijana Waislamu wa Afrika ya Mashariki, na ambacho tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, useremala na kazi za chuma huwa ni masomo mbalimbali. Fundi wa kisiwani hana nafasi hiyo. Ana banda moja lililoezekwa kwa makuti au mabati, ana meza moja, na kazi za kila namna humjia hapo hapo. Leo hukata mbao za mashua. Kesho huletewa bolti iliyopinda, au rumada iliyolika, au upapi wa chuma unaotakiwa kutobolewa. Somo letu la leo ni la fundi huyo. Twataka kumwonyesha jinsi ya kuitumia meza yake kwa chuma siku chache za mwezi, bila kuiharibu kwa kazi ya mbao siku zilizobaki.

Kanuni ya somo lote ni hii: chuma katika meza ya seremala ni mgeni. Mgeni hutandikiwa mkeka wake, na akisha kuondoka mkeka hukunjwa. Fundi asiigeuze meza ya mbao kuwa meza ya chuma. Bali atengeneze vitu vichache vya kuweka na kuondoa, ili kazi ya chuma iishapo, pasibaki hata chembe moja ya chuma juu ya meza.

KWA NINI MBAO NA CHUMA HAVIPATANI

Huenda msomaji akauliza, "Kuna ubaya gani nikipiga tupa juu ya meza ile ile ninayopiga randa?" Ubaya upo, na ni wa namna tatu.

Kwanza, tupa na msumeno wa chuma hutoa chembe ndogo zilizo ngumu. Chembe hizo huingia katika nyufa za meza na kushikamana na mbao inayolazwa juu yake. Randa ikipita, ulimi wake huzikuta chembe hizo na kupata mapengo. Kazi ya nusu saa ya kinoo hupotea kwa chembe isiyozidi ukubwa wa punje ya mchanga.

Pili, chembe za chuma zikipata unyevu juu ya mbao, huacha madoa meusi. Jambo hili huonekana zaidi katika mbao zenye ukali ndani yake, kwa maana ukali huo na chuma vikikutana majini hufanya rangi iliyo kama wino. Katika kisiwa, hewa yenyewe ina chumvi na unyevu, kwa hiyo doa halikawii. Doa hilo halitoki kwa kufuta kwa kitambaa; hutaka kupigwa randa tena, na pengine limeingia ndani sana.

Tatu, kazi ya chuma hutaka mafuta, na mafuta ni adui wa gundi na rangi. Mbao iliyolala juu ya mafuta haishiki gundi vema, na rangi yake hubanduka mapema. Mwenye chombo atasema kwamba rangi ilikuwa mbaya, kumbe meza ndiyo iliyokuwa chafu.

Hata hivyo, seremala asiogope chuma. Kila seremala ni fundi wa chuma kwa kiasi fulani. Anapoubana msumeno wake kati ya mbao mbili na kuunoa jino kwa jino kwa tupa ya pembe tatu, anafanya kazi ya chuma. Na anapoiondolea patasi pengo lake, anafanya kazi hiyo hiyo. Anachohitaji si ujuzi mpya kabisa, bali mpango.

UREFU WA MEZA

Fundi anayepiga randa huinama kidogo na kuutia uzito wa mwili wake kazini. Kwa hiyo meza ya seremala ni fupi. Kipimo chake cha kawaida ni hiki: simama wima, mikono ikining'inia, kisha ukunje kiganja kiwe bapa kama unayetaka kuegemea meza. Pale kiganja kilipo ndipo uso wa meza uwe.

Fundi anayepiga tupa hufanya namna nyingine. Mkono wake kutoka kiwiko hadi kiganja hutakiwa kwenda mbele na nyuma sawasawa kama maji yaliyotulia. Kwa hiyo ncha ya juu ya jiliwa la chuma iwe sawa na kiwiko chake. Akipiga tupa chini ya hapo, mgongo humwuma, tena tupa huyumba na kuufanya uso wa chuma kuwa wa mviringo mahali ulipotakiwa kuwa bapa.

Tuchukue mfano. Fundi ana meza yenye urefu wa sentimita 82, na kiwiko chake kiko sentimita 102 kutoka chini. Tofauti ni sentimita 20. Jiliwa dogo la chuma lina kimo cha sentimita 15 hivi, na ubao wa inchi 2 una sentimita 5. Jumla yake ni sentimita 20 kamili. Basi twaona kwamba hapana haja ya kuongeza matendegu ya meza wala kununua meza ya pili. Jiliwa likikazwa juu ya ubao mnene, na ubao ukikazwa juu ya meza, urefu unaotakiwa umepatikana.

KIBAO CHA JILIWA

Kifaa hiki ndicho kiini cha somo. Ni ubao wa kuweka na kuondoa, uliobeba jiliwa la chuma juu yake. Vinavyohitajiwa ni hivi: ubao mgumu wenye unene wa inchi 2, upana wa inchi 10 na urefu wa inchi 14, kipande cha pili cha mti mgumu cha inchi 2 kwa inchi 3, chenye urefu wa inchi 14, ambacho tutakiita ulimi, bolti nne za jiliwa pamoja na nati na washa zake, na jiliwa lenyewe. Jiliwa lenye midomo ya inchi 4 latosha kwa kazi ndogo. Mbao zaweza kuwa masalio ya mvule, msaji au mbambakofi. Haifai kutumia mbao laini, kwa maana bolti huzama ndani yake na kulegea.

Kazi ifuate mpango huu:

1. Piga randa pande zote mbili za ubao ili ulale juu ya meza bila kutikisika. Ubao unaotikisika kidogo leo utatikisika sana kesho.

2. Weka jiliwa juu ya ubao, karibu na ukingo wa mbele. Mdomo wa ndani, yaani ule usiotembea, uchomoze nusu inchi mbele ya ukingo wa ubao. Hapo fito ndefu ya chuma itaweza kusimama wima katika jiliwa bila kuugusa ubao.

3. Tia alama za matundu na kuyatoboa kwa keekee. Chini ya ubao, chonga visima vidogo kwa patasi ili vichwa vya bolti na washa vizame humo. Bolti zipitishwe kutoka chini kwenda juu, na nati zikazwe juu. Kichwa cha bolti kikichomoza chini kitaikwaruza meza kila siku.

4. Kaza ulimi chini ya ubao kwa gundi na parafujo. Mahali pa kuuweka hutegemea meza ya fundi. Ikiwa meza ina jiliwa la mti, pima unene wa mdomo wake wa nje, na ulimi uwe nyuma ya kipimo hicho. Hivyo ulimi utabanwa na jiliwa la mti. Sehemu ya nyuma ya kibao italala juu ya meza, na sehemu ya mbele italala juu ya mdomo wa nje. Ulimi usishuke hadi kuigusa parafujo ya jiliwa la mti. Nyuma ya kibao, tia kibano kimoja cha parafujo ili kibao kisiinuke.

5. Ikiwa meza haina jiliwa la mti, na meza nyingi za pwani hazina, basi ulimi uwe kwenye ukingo wa mbele wa kibao, uushike ukingo wa meza kama kulabu. Kisha kibao kikazwe kwa bolti mbili zinazopenya kibao na meza, na nati zikae chini. Kazi ya chuma ikiisha, bolti hutolewa na matundu ya meza huzibwa kwa vigingi vya mti ili takataka zisiingie.

Kwa vyovyote vile, kibao kiwekwe juu ya tendegu la meza au karibu nalo, si katikati ambapo meza hupepesuka. Ikiwa meza ni nyepesi, mafundi wa Wasini hawana haja ya kutafuta uzito mbali: kisiwa kizima ni mwamba wa matumbawe. Tengeneza rafu ya mbao kati ya matendegu, karibu na sakafu, na kuipanga mawe au magunia ya mchanga. Meza itatulia.

Midomo ya jiliwa la chuma ina meno, na meno hayo huchubua kitu kilicho laini. Kata vipande viwili vya shaba au alumini nyembamba, vikunje pembeni, na kuviweka juu ya midomo wakati wa kubana shaba, au chuma chenye hesi zake, au mhimili uliolainishwa. Kwa kitu laini zaidi, kipande cha ngozi ya kiatu kikuukuu chatosha.

SINIA LA BATI

Baada ya jiliwa, kifaa cha pili ni sinia. Chukua kipande cha bati bapa, chenye upana wa kutosha kuufunika uso wa meza chini ya kibao na kuzidi futi moja kila upande. Kunja kingo za nyuma na za pembeni ziinuke sentimita 2, na ukingo wa mbele uinamie chini mbele ya meza. Ponda ncha zote zisikate mikono. Pale ulimi au bolti zinapopita, acha nafasi.

Sinia hili ndio mkeka wa mgeni tuliyemtaja. Chembe zote huanguka humo, na mafuta hayafiki kwenye mti. Fundi aweke pia brashi moja ya chuma peke yake na brashi nyingine ya mbao peke yake, wala zisibadilishane. Tena apate sumaku, hata ile ya kipaza sauti kibovu, na kuifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Akiipitisha juu ya meza, chembe za chuma hushika kwenye mfuko. Akiugeuza mfuko ndani nje, chembe zote zimo. Lakini akumbuke kwamba sumaku haishiki shaba wala alumini. Hizo hutaka brashi na kitambaa chenye unyevu.

KAZI YA KUGONGA

Kosa ambalo mafundi wengi hulifanya ni kupigia nyundo nzito juu ya jiliwa au juu ya meza. Jiliwa dogo halikuumbwa kuwa fuawe. Mwili wake ni wa chuma cha kusubu, ambacho huvumilia kubana lakini hupasuka kwa kupigwa. Na meza ikipigwa sana, viungo vyake hulegea, na baada ya hapo hata randa haiendi sawa.

Basi kazi ya kugonga iwe mbali na meza. Pata gogo la mti mgumu, ulifukie kidogo katika sakafu ya udongo au kulitia ndani ya pipa la mchanga, na juu yake uweke kipande cha reli au cha chuma kinene. Hiyo ndiyo fuawe ya maskini, nayo yatosha kunyosha msumari, bolti au upapi mwembamba. Kwa chuma kinene kinachotaka kupashwa moto, usijidanganye, mpelekee mhunzi. Na kazi ya kuchomelea isifanywe kamwe juu ya meza ya mbao. Zaidi ya hayo, chuma kilichopakwa zinki kikichomwa hutoa moshi mweupe unaomletea mtu homa na kutetemeka usiku ule ule. Kazi hiyo ni ya mtu aliyeizoea, mahali penye upepo.

MOTO NA MACHO

Sehemu hii twaomba isomwe mara mbili.

Siku hizi mafundi wengi wana mashine ya kusaga chuma, ambayo wenyewe huiita grenda. Cheche zake huruka mita nyingi. Seremala naye ana maranda sakafuni, ana unga wa mbao juu ya boriti, ana kopo la rangi pembeni, pengine na dumu la petroli la mashine ya chombo, na juu ya kichwa chake kuna makuti makavu. Cheche moja yaweza kuingia ndani ya maranda na kukaa humo kimya, bila mwali wala moshi wa kuonekana, na kuwaka baada ya saa moja au zaidi, mwenye banda akiwa amekwisha kwenda zake.

Kwa hiyo zishikwe kanuni hizi. Grenda isitumiwe ndani ya banda la seremala. Itolewe nje, mahali peupe, na upepo uwe unazichukua cheche kuelekea baharini, si kuelekea makutini. Petroli, rangi na resini ya kuziba vyombo vya faiba ziondolewe kwanza. Kuwe na ndoo ya mchanga na ndoo mbili za maji. Kisiwani maji matamu hayajawa rahisi tangu zamani, na watu wameyakinga ya mvua katika mabirika. Lakini kwa maranda na makuti yanayowaka maji ya bahari yazima vilevile, nayo hayauzwi. Kazi ya cheche ifanywe asubuhi, si jioni kabla ya kufunga, na baada yake mtu abaki akiangalia kwa saa nzima. Na vitambaa vilivyolowa mafuta ya linsidi visirundikwe pamoja, kwa maana hupata joto vyenyewe na kuweza kuwaka bila cheche yoyote; vitandazwe nje vikauke, au vizamishwe katika maji.

Kuhusu macho, miwani ya kukinga ivaliwe kila mara, hata kwa tundu moja. Chembe ya chuma ikikwama juu ya jicho huanza kuota kutu humo humo na kuacha duara la kutu. Isichokolewe kwa ncha ya kitambaa wala kwa kijiti. Ikiwa imechoma, jicho lifunikwe kwa kitu kisichokandamiza, mfano wa kikombe kidogo cha karatasi, na mtu apelekwe hospitali. Kutoka Wasini ni chombo kwanza na gari baadaye. Safari hiyo ni ndefu kwa mtu mwenye maumivu, na miwani ni nyepesi kuliko safari.

Tindo ambayo kichwa chake kimepondeka mfano wa uyoga isitumiwe mpaka kichwa kile kimesagwa, kwa kuwa vipande vyake huruka kama risasi. Tupa isitumiwe bila mpini. Wakati wa kutoboa, ncha za kikoi na mikono ya shati ifungwe, na glavu zivuliwe, kwa maana keekee ya umeme ikiikamata nguo huukamata na mkono. Kipande kinachotobolewa kishikwe na jiliwa, si kwa vidole. Keekee ikinasa, kipande huzunguka na kukata kama kisu.

MFANO: KUTENGENEZA RUMADA

Tuseme mashua imevutwa pwani wakati wa Kusi, na rumada ya chini imelika. Mhunzi amefua mpya, lakini mapapi yake ni marefu mno, na matundu bado. Fundi atafanyaje?

Kwanza achukue kielelezo. Akate karatasi ngumu au bati jembamba kwa umbo la tezi, na kutia alama mahali pa matundu ya zamani. Ikiwa mti wa tundu la zamani umeoza, tundu lipya lisogezwe mahali penye mti mzima, na lile la zamani lizibwe kwa kigingi chenye mafuta. Kisha aweke kibao na sinia, abane upapi katika jiliwa, na kukata. Meno ya msumeno wa chuma hutazama mbele, na mkono husukuma kwa nguvu kwenda na kurudi bila nguvu. Kabla ya kutoboa, apige alama ya kishimo kwa msumari mgumu wenye ncha kali ili keekee isiteleze. Aanze na keekee nyembamba, kisha ile nene. Chini ya chuma aweke kipande cha mbao cha kutupwa. Hapa seremala ana nafasi kuliko mhunzi, kwa kuwa mbao za kusaidia anazo tele: hata bati jembamba, likibanwa kati ya mbao mbili na kukatwa pamoja nazo, hukatika bila kuchanika.

Halafu apige tupa kingo zote zisiwe na ncha. Tupa hukata ikienda mbele tu, irudipo iinuliwe. Ikisuguliwa kwa chaki, chembe hazitaganda katika meno yake. Tupa mpya itumiwe kwanza kwa shaba, na ikichoka kidogo ndipo ipewe chuma.

Kazi zote za kukata na kutoboa ziishe kabla rumada haijatiwa zinki, kwa sababu kila mahali tupa inapopita zinki huondoka, na hapo kutu itaanza. Ikiwa zinki ilikwisha kutiwa, sehemu zilizokatwa zipakwe rangi ya zinki mara mbili. Bolti na misumari iwe ya madini yale yale ya rumada. Shaba na chuma zikigusana ndani ya maji ya chumvi, chuma huliwa upesi. Na parafujo za shaba ya njano hupoteza zinki iliyo ndani yake, zikabaki na rangi nyekundu na kuvunjika kama biskuti. Hata chuma cha pua, ambacho wengi hukisifu, chaweza kuliwa kwa siri kikifungiwa ndani ya mti uliolowa usiopata hewa. Kwa hiyo bolti za usukani zitolewe na kutazamwa kila chombo kinapopandishwa pwani.

Mwisho, usukani ujaribiwe chombo kikiwa bado mchangani. Ugeuzwe kulia na kushoto mpaka mwisho. Usikwame, usigongegonge, na usichomoke unapoinuliwa kidogo kwa mkono. Fundi ashike upande wa chini wa usukani na kuutikisa. Ukicheza mchangani, baharini utacheza mara kumi.

KUFUNGA KAZI

Kazi ya chuma haijaisha mpaka meza imerudi kuwa meza ya seremala. Sumaku hupita kwanza, kisha brashi ya chuma, kisha sinia huinuliwa polepole na kumwagwa katika kopo. Kopo hilo lisimwagwe pwani ambapo watoto hutembea bila viatu. Kibao huondolewa na kuangikwa ukutani, jiliwa hupakwa mafuta kidogo na kufunikwa kwa kitambaa kwa ajili ya hewa ya chumvi. Halafu fundi hupitisha kiganja juu ya meza yake. Kiganja kikihisi mkwaruzo wowote, afagie tena kabla ya kuleta mbao.

Huenda kijana anayejifunza akaona mambo haya ni mengi kwa rumada moja. Na akumbuke kwamba chombo hicho kitavuka mlango wa Wasini na watu ndani yake, na hakuna atakayeona tundu lililotobolewa vibaya mpaka siku ya dhoruba. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ufa wa chombo hauna ukuta wa kujengwa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini meza ya kupiga randa ni fupi kuliko meza ya kupiga tupa? Pima kiganja chako na kiwiko chako, kisha hesabu unene wa kibao utakaokufaa.

2. Taja madhara matatu ya kuacha chembe za chuma na mafuta juu ya meza ya seremala.

3. Kwa nini kazi ya cheche isifanywe jioni?

4. Ulimi wa kibao utauweka wapi kama meza yako haina jiliwa la mti?

5. Rumada ni ya chuma kilichotiwa zinki, nawe unazo bolti za shaba mkononi. Je, utazitumia? Toa sababu yako.